Vyumba Vyangu Sita vya Maji ya Chumvi

Nina vyumba sita vya kupangisha hapa Mutomo, mstari mmoja, mabati juu, choo cha shimo kule nyuma, na nina ng'ombe wanne nyumbani, mwendo wa saa nzima kwa mguu kutoka sokoni. Hiyo ndiyo mali yote mimi na mke wangu tuliyobaki nayo. Vyumba ndivyo vinatupa sukari, dawa zake za presha na sadaka ya Jumapili. Ng'ombe ni wa jambo kubwa, yaani mmoja wetu akilazwa, ama akifa. Mwaka huu ilibidi niamue kama nitauza ng'ombe ili nitengeneze vyumba. Nikikosea, tutabaki na vyumba vizuri visivyo na mtu na boma lisilo na kitu, wazee wawili tunaangaliana.

Mimi si mtu wa kuamua haraka. Hata shule niliacha darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu alisema nije na karo ama nisije, baba akasema nichunge mbuzi ama nisile. Asubuhi moja nilisimama njiani katikati, nikifikiria, mpaka jua likaenda. Nilipigwa shuleni kwa kutofika na nikapigwa nyumbani kwa mbuzi walioingia shamba la mtu. Basi nisameheni mwandiko, na mkiona nazunguka mjue ndivyo nilivyo hata nikiongea.

Shida ilianza na muuguzi wa chumba cha nne. Amekaa kwangu miaka saba, alikuja peke yake, sasa ana msichana wa chekechea. Hajawahi kunichelewesha kodi hata mara moja. Jumapili moja alinifuata nikitoka kanisani, akasimama kando akingoja nimalize kusalimiana na watu.

"Mzee, nimekaa na wewe vizuri sana," akasema. Mpangaji akianza na kukusifu, ujue kuna habari mbaya. "Lakini mwezi ujao ukiisha nahama."

"Unahama kwenda wapi, mwanangu?"

"Zile nyumba mpya za barabara ya hospitali. Zina choo ndani."

"Choo ndani ya nyumba?"

"Ndani, mzee. Unafungua mlango, unaingia."

"Na harufu?"

"Inafungiwa na maji."

"Maji gani, na hapa ni Mutomo?"

Akacheka kidogo akiangalia viatu vyake. "Hayo ni ya mwenye nyumba kujibu, si yangu." Akaniaga kwa heshima, mikono miwili, akaenda.

Chumba cha tano na cha sita vilikuwa vimekaa bila watu tangu mavuno ya mwaka jana. Na cha nne kikitoka, nusu ya ploti imekufa. Siku hiyo mke wangu alipika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na nikashindwa kumaliza. Yeye anajua, mimi nikiacha muthokoi kwenye sahani kuna jambo.

Sasa lazima niseme habari ya kuta, ingawa ni aibu. Kuta zangu hulambwa na mbuzi. Sisemi mzaha. Mbuzi wakipitishwa kwenda sokoni, wanaacha njia wanakuja kulamba plasta ya chumba cha tatu na cha nne, na mwenye kuwachunga anawaacha tu, anajua wanapata munyu, chumvi ya bure. Ukigusa ukuta, unga mweupe unabaki kidoleni. Plasta inavimba, inapasuka, inadondoka vipande kama chapati. Kila mwaka napaka rangi, na kila mwaka rangi inashuka chini.

Sababu naijua, na kwa miaka zaidi ya ishirini niliijua peke yangu. Nilipojenga ulikuwa mwaka wa ukame. Maji matamu yalikuwa mtoni tu, unachimba mchanga mpaka unazama kiunoni, unachota kwa kikombe, punda anabeba mitungi minne na kurudi ni nusu siku. Maji ya kisima cha pampu yalikuwa karibu, lakini ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Huku kwetu maji tunayapanga hivi: kwanza mnyama, halafu mtu, na nyumba inapata yatakayobaki. Nyumba hailii kiu. Kwa hivyo maji matamu niliwapa ng'ombe, na yale ya chumvi nikawapelekea mafundi wakorogee simiti. Fundi wa wakati huo, marehemu sasa, aliniuliza, "Haya ni ya mto?" Nikasema ni ya mto. Alikuwa na ugoro mdomoni, hakuonja. Wengi walifanya kama mimi, lakini wao hawakuulizwa wakadanganya. Mimi niliulizwa.

Hata hivyo, muuguzi alikuwa amesema choo, na mimi nikashika choo. Nilimwita fundi kutoka Kanyangi, mtu wa maneno machache anayetembea na futi yake kiunoni kama askari. Akapima, akagonga, akaandika kwenye kipande cha boksi. Choo na bafu kwa kila chumba. Shimo kubwa la maji machafu. Tangi la juu. Taili chini, maana choo cha ndani bila taili ni tope. Plasta mpya kila mahali. Alipojumlisha, ilikuwa karibu bei ya ng'ombe wote wanne.

"Wote?" nikauliza.

"Kama ni wanene," akasema fundi. "Kama wamekonda, ongeza na mbuzi."

Habari ya taili nilikuwa nayo tayari. Kanisani kwetu tuliweka taili zinazong'aa kama barafu, na Jumapili ya kwanza mama mmoja wa kikundi cha maombi aliteleza akielekea mbele, akaenda chali na Biblia yake, na kwaya ikaendelea kuimba kwa sababu walidhani ni Roho. Mkono ulivunjika. Tangu hapo nikiona taili natembea kama kuku aliyefungwa mguu.

Mke wangu nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, ili nikigombezwa niwe karibu na njia.

"Wanne wote?" akauliza.

"Fundi amesema hivyo."

"Na yule mwekundu?"

Mwekundu ni wa mahari ya binti yetu. Kwetu ng'ombe wa mahari hauzwi kama mama wa msichana hajakubali, hata kama jina la boma ni la mwanamume.

"Wewe mzee," akasema, naye hakupandisha sauti, hapo ndipo nilipoogopa, "mimi presha ikinilaza, utanipeleka hospitali na taili?"

Nilienda kukaa karibu na boma nikawaangalia ng'ombe wakicheua. Wao hawana wasiwasi. Nilipiga hesabu kwa vijiti chini, miezi mingapi ya kodi irudishe ng'ombe mmoja, miezi mingapi wawili. Nilipofika ng'ombe wa tatu nilikuwa nimeshapita umri wa baba yangu alipokufa. Nikavitawanya vile vijiti kwa mguu.

Wiki iliyofuata nilienda Malili kwa binti yangu, yeye ndiye wa yule mwekundu. Anauza nafaka pale karibu na barabara kuu ya Mombasa, maharagwe, pojo, mbaazi, na ana akili ya biashara ambayo hakuitoa kwangu. Nilimweleza yote kabla sijaketi. Alifunga gunia alilokuwa anapima, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya duka.

Kule nyuma kulikuwa na ploti ya vyumba kumi. Nzuri, nawaambia. Rangi ya maziwa, taili mpaka barazani, milango ya chuma yenye maua, choo ndani. Na kwenye milango saba, kufuli. Mbele yake mzee wa rika langu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani.

"Huyu ni baba yangu," binti akamwambia. "Anataka kutengeneza kama wewe."

Yule mzee alizima redio. "Karibu. Una ng'ombe?"

"Nina wanne."

"Mimi nilikuwa na ekari sita." Akaonyesha milango kwa kidevu. "Hizi hapa ndizo ekari. Moja mbili tatu, hesabu na kufuli."

"Watu hawazipendi?"

"Wanazipenda sana! Kila Jumamosi wanakuja, wanafungua mfereji, wanafunga, wanasema mzee hongera. Wakisikia kodi wanasema watanipigia simu." Akacheka, lakini kucheka kwenyewe kulikuwa kama kukohoa. "Waliokaa kwangu zamani walikuwa wauza mboga na watu wa mizigo. Niliwatoa nitengeneze. Nikatengenezea mtu ambaye hajafika Malili bado."

"Atafika," nikasema, kwa kumfariji.

"Atafika nikiwa nimezikwa. Mwambie alipe kwenye jeneza langu."

Tuliporudi dukani binti alinipa chai. Akaniuliza, "Baba, wapangaji wako uliwauliza wanataka nini?"

"Muuguzi alisema choo."

"Huyo ni mmoja, na ni yeye aliyesema. Wewe uliuliza?"

Nikamwambia kwamba mwenye nyumba haulizi, anaambiwa. Akaniangalia vile mama yake huniangalia. Njiani kurudi nilikuwa na uchungu wa kifua, nikadhani ndio mwisho, kumbe ni wasiwasi tu na ndizi mbichi kiasi niliyokula.

Nilianza na fundi wa cherehani wa chumba cha pili. Huyu ni Mwislamu, ukoo wao ulitoka pwani zamani kuja kufanya biashara Kitui, na mpaka leo Kiswahili chake kimenyooka. Changu hukicheka.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Mimi nikiweka choo kwa nyumba, wewe utaongeza kodi?"

Akasimamisha cherehani. "Kwanza Kiswahili chako leo kina mawe. Pili, choo kwa nyumba kufanya nini? Chumba chenyewe hiki kimoja. Mimi nakata nguo ya harusi hapa, mgeni anajisaidia pale, katikati pazia?"

"Muuguzi anahama kwa sababu ya choo."

"Alikwambia hivyo?" Akanitazama, akashusha sauti. "Hebu ingia. Angalia nguo za wateja."

Nguo zote zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba katikati ya chumba, ukitembea unainama. Hakuna hata moja karibu na ukuta.

"Umeona? Miaka minne siegemezi kitu. Kanzu nyeupe iligusa ukuta wako ikatoka na madoa, nikailipa mimi. Na wewe kila mwezi waingia humu, hukuona?"

"Niliona. Nilidhani ni mtindo wa watu wa pwani."

Alicheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka. Jambo ambalo nililificha miaka yote hiyo, kumbe kila mtu alikuwa analikwepa kwa kuinama.

Nikamwita tena fundi wa Kanyangi na nikamwambia ukweli, kwamba simiti ilikorogwa kwa maji ya pampu. Hakushangaa. Alisema hakuna haja ya kubishana, tujaribu ukuta mmoja wa chumba cha sita, ambacho hakina mtu. Tubandue plasta yote mpaka tofali, tusugue, tupige mpya kwa maji ya mvua kutoka tangi la mke wangu kule nyumbani. Ikikaa mwezi mmoja bila unga mweupe, nitengeneze vyote. Ikitoa unga, tuongee tena.

Mke wangu alikubali kutoa maji, lakini alisimama pale akihesabu kila karai.

Ule mwezi sitausahau. Kila siku nilitembea saa nzima kwenda kuangalia ukuta, na saa nzima kurudi. Nilifungua chumba, nikasimama mbele yake kama mtu aliyeenda kuona mgonjwa. Wiki ya kwanza ulikuwa kijivu, umekauka vizuri, nikaanza kupiga hesabu ya rangi. Wiki ya pili kijivu. Nilianza hata kuwaangalia ng'ombe kwa macho ya kuaga, mwekundu nikamkwepa. Wiki ya tatu niliona kama kuna mstari chini karibu na sakafu, mwembamba, nikajiambia ni mwanga wa dirisha. Nikafunga dirisha. Mstari ukabaki. Nikajiambia ni vumbi. Nikafuta kwa kofia, na siku ya pili yake ukawa umerudi, umepanda kama upana wa kiganja.

Nilipiga magoti na kuulamba.

Sasa nyuma yangu nikasikia, "Subhanallah! Mzee, hata wewe?" Ni fundi wa cherehani, alikuwa amekuja kuomba kamba ya kuanikia. "Ngoja niwaambie mbuzi wamepata mwenzao."

"Onja wewe," nikamwambia. "Mimi ulimi wangu ni wa zamani, labda umekosea."

"Ulimi wako hauna makosa, mzee wangu. Inuka, nakushika mkono." Na akaacha kucheka, kwa sababu aliniona uso.

Fundi wa Kanyangi alipokuja hakupima kitu. Alipiga kofi chini ya ukuta. "Iko kwa msingi," akasema. "Inapanda na unyevu. Ukipiga plasta na pesa ya ng'ombe wote, miaka miwili utaniita tena, na hutakuwa na ng'ombe. Hii ni kubomoa mpaka chini."

"Na nikibomoa yote?"

"Basi unajenga, hutengenezi. Na kwa kodi ya Mutomo, mzee wetu, sijui utakula hiyo faida ukiwa wapi."

Kwa hivyo nilikuwa na jibu la swali langu: kutengeneza hakufai. Lakini jibu halikuniondolea wasiwasi, liliuhamisha tu. Ikiwa kutengeneza hakufai, kukaa hivyo kunafaa? Nilienda chumba cha nne kabla mwezi haujaisha. Muuguzi alikuwa anafunga vyombo kwenye beseni. Kitanda cha mtoto kilikuwa katikati ya chumba, kama zile nguo.

"Mwanangu, nimekuja kukuambia, ukihama hujakosea. Ukuta una chumvi. Niliitia mimi, wakati wa kujenga. Nilijua."

Aliweka sufuria chini polepole. "Mzee, mimi nilijua ni ukuta. Mtoto anakohoa, unga unamwangukia kitandani. Kitanda nimekihamisha mara tatu, na chumba kina kuta nne tu."

"Mbona ulisema choo?"

"Nimwambie mzee wa kanisa, tena tumetoka ibadani, kwamba nyumba yake inamkohoza mtoto wangu?" Akatabasamu kwa aibu. "Nilitafuta kitu ambacho si makosa yako. Choo hakina mwenyewe."

Nilikaa kwenye kile kitanda bila kukaribishwa. Fikirieni. Kwa adabu yake, nilikuwa karibu kuuza ng'ombe wanne nichimbe vyoo sita, na mtoto aendelee kukohoa kando ya taili. Simlaumu. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa, humwambii mkubwa wako kitu uso kwa uso. Na kama angeniambia, sijui kama ningekubali. Ningesema ni vumbi la barabara.

Alihama. Nilibeba beseni moja mpaka kwenye mkokoteni. Nilimuuliza kama atarudi nikijenga vizuri, akasema, "Tutaona, mzee," na sasa najifunza kusikia maneno kama hayo yanasema nini.

Mimi na mke wangu tuliongea siku tatu. Tukaamua hivi: tuuze ng'ombe mmoja, dume la kahawia, basi. Mwekundu asiguswe. Kwa pesa hiyo tubomoe chumba cha tano na cha sita pamoja na msingi, tuvijenge upya kwa maji matamu, bila taili, choo kibaki nje lakini kiwe kipya. Cha nne kikae bila mtu, mimi sitaki tena mtoto alale pale. Hivyo vitatu vingine nimewaambia waliomo ukweli wote na nimepunguza kodi. Fundi wa cherehani alisema kwa miaka minne ya kuinama ningemlipa na mgongo wake.

Sijui kama tumefanya vizuri. Kodi ya mwezi huu ilinunua dawa, sukari ikabidi ingoje. Dume liliuzwa kwa bei ambayo dalali aliita nzuri, na dalali kila bei huita nzuri. Vyumba viwili viko chini, msingi mpya umechimbwa mpaka magotini, na mvua bado. Fundi wa Kanyangi anapiga simu kuuliza maji, namwambia punda ameenda mtoni.

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye ule mtaro alipokuja mwalimu mgeni, amehamishiwa shule ya hapa, mkoba begani. Akaniuliza ni nyumba gani hizi zinajengwa, na zitakuwa tayari lini.

"Sijui, mwalimu. Mpaka tupate maji matamu."

"Si kuna kisima cha pampu pale tu?"

"Hicho hapana."

"Kwa hivyo mwezi ujao?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angetoa pesa ya kushikia chumba pale pale, alikuwa na haraka, na pesa hiyo nilikuwa naihitaji kuliko yeye alivyohitaji chumba.

"Mwezi ujao hapana. Hata wa pili sina hakika."

"Na hicho cha nne? Naona hakina mtu."

"Hicho kina ukuta mbaya. Unatoa chumvi."

Akaniangalia vile watu huangalia mzee ambaye akili zimeanza kutoka. Akashukuru, akarekebisha mkoba, akaelekea upande wa barabara ya hospitali. Nilimwangalia mpaka akapita kona. Sikumwita.